Miguu inayowaka bila moto: mwongozo kamili wa maumivu ya neva kwa mwenye MS

Mara ya kwanza nililaumu umeme wa nyumba. Nilikuwa nafua uani, sakafu imelowa, ekstensheni ya jirani imepita karibu na beseni. Nikainama kusuuza, ikanipiga shoti. Ilianzia kisogoni, ikateremka mgongoni, ikatokea kwenye nyayo. Niliruka pembeni, nikakimbilia meni swichi, na jioni mwenye nyumba akaleta fundi. Fundi akapima waya zote, akasema hazina kitu. Kesho yake alfajiri nimesimama kwenye mswala chumbani, taa imezimwa, hakuna waya karibu. Nikarukuu. Shoti ileile.

Ilichukua miezi mingi, madaktari kadhaa na kipimo cha picha kiitwacho MRI ndipo nikaelezwa kwamba waya mbovu ulikuwa shingoni mwangu mwenyewe. Nina maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao hapa Dar es Salaam ukiutaja watu wanakuuliza mara mbili mbili, kwa hiyo wengi wetu tunasema tu MS.

Haya nimemwandikia mtu aliyekwisha kuambiwa ana MS, au anayemuuguza mwenye MS, na ambaye panadoli haigusi maumivu yake. Mimi si daktari. Dozi ninazozitaja ni zile ambazo madaktari huanzia kwa kawaida. Nimeziweka ili uyaelewe mazungumzo ya chumba cha daktari. Usiende nazo duka la dawa kujinunulia.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini mguu unauma na mguu hauna kitu

Neva za ubongo na uti wa mgongo zimevikwa ganda lenye mafuta liitwalo mayelini. Kwa mwenye MS, kinga ya mwili inakosea adui na kulishambulia ganda hilo, na palipoliwa hubaki kovu. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeyaeleza makovu hayo kama ugonjwa unaojitegemea, mwaka 1868. Neva iliyovuliwa ganda hupitisha taarifa polepole, au hukwama kabisa. Nyingine hupiga kelele bila kutumwa na mtu, na hapo ndipo maumivu ya neva yanapozaliwa: ubongo unapokea habari kwamba nyayo zinaungua, kumbe nyayo zimetulia kwenye sakafu baridi.

Taa ya jikoni ikipepesa, kasoro yaweza kuwa kule nje kwenye mita. Hata ubadilishe balbu ngapi, itaendelea kupepesa. Ndiyo sababu kuuchua mguu kwa marhamu, kumeza ibuprofeni au kuchomwa sindano ya diklofenaki hakufui dafu. Dawa hizo zinatuliza uvimbe na majeraha ya nyama na viungo, na mguuni hakuna jeraha. Mimi nilichomwa diklofenaki mpaka nikawajua wauguzi wa zamu zote kwa majina.

Na ukikutana na mtaalamu anayekwambia "MS haiumi," usibishane naye sana, lakini usimwamini. Kwa muda mrefu vitabu viliandika hivyo. Leo inajulikana kuwa zaidi ya nusu ya wenye MS hupata maumivu ya aina fulani.

Hatua ya 2: Yape maumivu jina lake

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, maana matibabu yote yanaanzia hapa. Sisi tuna neno moja la haraka, "naumwa", tunalolitumia kwa malaria, kwa jino na kwa moyo uliovunjika. Daktari mwenye foleni ya watu 40 akisikia "miguu inauma" anaandika dawa ya miguu inayouma. Lakini Kiswahili hakijakosa maneno. Kuna kuwaka, kufukuta, kuchonyota, kuchoma, kupwita, kutekenya, kubana, kukakamaa, ganzi na vichomi. Kila moja linamwelekeza daktari mahali tofauti.

*Kuwaka.* Hii ndiyo inayowapata wengi. Miguu, mara nyingi yote miwili, inawaka au inachonyota kama imepakwa pilipili, na usiku huzidi. Wengine huhisi sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Kitu chepesi kabisa kikigusa ngozi kinaweza kuuma: shuka, soksi, manyoya ya paka. Hayo hudumu saa kwa saa, siku kwa siku.

*Shoti ya shingo.* Ndiyo ile yangu ya beseni. Ukiinamisha kichwa, umeme unapita mgongoni hadi miguuni au mikononi, sekunde moja au mbili, umekwisha. Inaitwa alama ya Lhermitte, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeiandikia mwaka 1924, ingawa wenzake walikuwa wameshaiona kabla. Inatisha kuliko inavyodhuru, na mara nyingi huondoka yenyewe baada ya wiki au miezi. Wengi hawahitaji dawa. Punguza tu kuinamisha shingo: fua umeketi kwenye kigoda kirefu na beseni juu ya stuli, inua simu usawa wa macho. Kwa wanaoswali, kuswali umekaa kwa sababu ya ugonjwa ni ruhusa. Mimi nilikaa kwenye kiti miezi 4.

*Uso.* Vichomi vya ghafla shavuni, taya au kwenye fizi, kama msumari wa moto, sekunde chache, kisha kimya, kisha tena. Kinachoviamsha ni kitu kidogo: kupiga mswaki, kutafuna, maji ya udhu, upepo ukiwa kwenye bodaboda. Neva inayohusika ni ile kuu ya uso, nayo kwa wenye MS huanza kusumbua wangali vijana kuliko watu wengine, na wakati mwingine pande zote mbili. Watu wengi huenda kwa daktari wa meno kwanza. Mama mmoja tuliyekuwa tukikutana kliniki aling'olewa magego matatu, moja baada ya jingine, na vichomi vikabaki palepale. Kama una MS na jino linauma kwa namna hiyo, omba picha ya jino kabla ya koleo.

*Mshipi.* Kifua au tumbo hubanwa kama umefungwa mkanda ukakazwa tundu la mwisho. Wenzetu wa Ulaya wanaliita kumbatio la MS. Mimi nasema mshipi, maana mapenzi pale hayapo. Sehemu yake inatokana na neva, sehemu na misuli midogo ya katikati ya mbavu inayokakamaa. Angalizo: mara ya kwanza kubanwa kifua, nenda ukapimwe moyo kabla hujausingizia MS.

*Mkakamao wa ghafla.* Mkono au mguu unajikunja wenyewe, unauma vikali, unaachia kabla ya dakika 2. Unaweza kujirudia mara nyingi kwa siku. Ndugu wanaokuona hudhani ni kifafa, na wewe unakuwa na akili zako zote ukiwasikia wakisema hivyo.

*Jicho.* Maumivu nyuma ya jicho ukiligeuza, pamoja na kuona ukungu au rangi nyekundu kufifia. Hili halisubiri. Nenda hospitali siku hiyo au kesho yake, kwa kuwa neva ya jicho inawezekana imeshambuliwa upya.

Baki na jambo moja zaidi: si kila kinachomuuma mwenye MS ni neva. Kiuno kinachouma kwa sababu unatembea upande, goti lililochoka kwa kubeba mguu mzito, misuli iliyokaza saa zote, hayo yana dawa zake. Kiuno na goti husikia panadoli na mazoezi. Misuli iliyokaza husikia kunyoosha viungo, na ikibidi baklofeni au tizanidini. Ukichanganya yote na kuyaita "maumivu ya MS", utapewa dawa moja ya kutibu vitu vitatu, na haitatibu hata kimoja.

Hatua ya 3: Hakikisha si kitu kingine

Miguu inayowaka ina sababu nyingi huku kwetu. Kabla ya kuanza dawa za muda mrefu, omba vipimo hivi, vingi hupatikana hata hospitali ya wilaya: sukari, VVU, kaswende, figo na wingi wa damu. Vitamini B12 ipimwe kama maabara inaweza, hasa kwa asiyekula nyama wala samaki, au aliyemeza metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi. Upungufu wake huchoma miguu na hata kuleta ile shoti ya shingo. Anayetumia dawa za kifua kikuu amuulize daktari kuhusu vitamini B6, kwani isoniazidi huweza kuumiza neva. Na ukiona malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mwili, huo ni mkanda wa jeshi. Wahi ndani ya siku 3 za mwanzo, dawa yake hufaa zaidi mapema.

Kuna lingine ambalo watu weusi inatupasa kulijua vizuri. Upo ugonjwa unaofanana na MS unaoitwa nyuromayelaitisi optika, nao huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia kuliko kwa Wazungu. Unapiga macho na uti wa mgongo, na ile mikakamao ya ghafla ni ya kawaida mno kwake. Baadhi ya dawa zinazotuliza MS, mfano intaferoni-beta, zinaweza kuuchochea ugonjwa huu. Kipimo chake ni cha damu, hutafuta kingamwili ya akwaporini-4. Kama macho yote mawili yaliathirika, au MRI ilionyesha kovu refu kwenye uti wa mgongo, muulize daktari wako waziwazi kama kipimo hicho kilifanyika.

Mwisho wa hatua hii: jua tofauti ya shambulio jipya na maumivu ya kila siku. Dalili mpya kabisa, au ya zamani iliyozidi ghafla, ikidumu zaidi ya saa 24 na huna homa, mpigie daktari. Ukiwa na homa, au mkojo unachoma, tibu hicho kwanza. Malaria na maambukizi ya njia ya mkojo huamsha dalili zote za zamani kwa pamoja, ukadhani ugonjwa umeanza upya. Na hizi usilale nazo: mkojo kugoma au kutoka wenyewe ghafla, ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu ndani ya saa chache. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Hatua ya 4: Andika wiki mbili

Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Kila jioni mistari miwili: aina ya maumivu kwa jina ulilolipa, ukali kutoka 0 hadi 10, nilikuwa nafanya nini, nililala saa ngapi. Ukurasa wangu mmoja wa zamani unasomeka hivi:

"Jumanne. Kuwaka, miguu yote, 8. Kulianza saa 3 usiku baada ya kupika chapati. Umeme ulikatika, feni hakuna. Shoti ya shingo mara 5, zote nikiosha vyombo. Usingizi umenijia saa 9 usiku."

Daktari aliyesoma mistari hiyo hakuniuliza maswali mengi. Aliona kwamba kuwaka kunafuata joto, kwamba shoti inafuata shingo, na kwamba silali. Kulala nako ni kipimo. Mtu anayepata usingizi wa saa 6 huvumilia maumivu ambayo asiyelala hayawezi.

Hatua ya 5: Chumba cha daktari

Muda utakuwa mfupi, kwa hiyo sema la kwanza kwanza. Mimi husema hivi: "Daktari, nina MS. Maumivu yaliyonileta ni ya neva, miguu inawaka kila usiku, 8 kati ya 10, panadoli na diklofenaki hazikusaidia. Silali. Dawa ninazotumia sasa ni hizi." Kisha namwekea pakiti zote mezani, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za kienyeji kama nazitumia. Usione haya kutaja mizizi ya babu. Daktari asiyejua unachokunywa anapiga ramli.

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache na wamejazana miji mikubwa. Lakini dawa za mwanzo za maumivu ya neva si lazima zianzwe na bingwa. Amitriptilini na karbamazepini ni za zamani, bei yake nafuu, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na daktari wa wilaya anazijua. Omba bingwa akuandikie mpango kwenye karatasi, halafu ufuatilie karibu na nyumbani.

Muulize pia kuhusu dawa ya MS yenyewe. Hiyo haiondoi maumivu yaliyokwisha kuingia, ila hupunguza makovu mapya, na makovu mapya ndiyo maumivu ya kesho. Mwaka 2023 shirika hilohilo liliingiza dawa 3 za MS kwenye orodha yake: rituksimabu, kladribini na glatirama. Hilo ni jambo la kulitaja unapodai dawa hospitalini au kwenye bima.

Hatua ya 6: Dawa, kidogo kidogo

Nyumbani kwetu dawa zilileta kesi. Mama alisoma karatasi ya ndani ya pakiti, akaja chumbani amekunja uso.

"Mwanangu, hii imeandikwa ya kifafa. Una kifafa ukanificha?"

"Hapana, mama. Dawa ni ileile, kazi nyingine. Inatuliza neva zinazopiga kelele."

"Na hii nyingine ya sonona?"

Nilicheka, ingawa swali lake ni la haki. Dawa zinazofaa maumivu ya neva zilianza kama dawa za sonona au kifafa, halafu ikagundulika kwamba zinatuliza neva. Ukipewa moja, hujaitwa mwehu. Waeleze watu wa nyumbani mapema, kabla hawajasoma karatasi.

*Amitriptilini.* Huanza na miligramu 10 usiku, na kwa kuwa vidonge vingi vinavyopatikana kwetu ni vya 25, wengine huambiwa wakate nusu. Huongezwa polepole kila wiki moja au mbili, kwa maumivu mara chache huvuka 75. Imeze saa 2 usiku, si saa 5, la sivyo asubuhi utaamka kama uliyenyweshwa pombe. Hukausha mdomo, hufunga choo, na inaweza kukwamisha mkojo. Hilo la mkojo ni zito kwetu, kwa kuwa MS nayo husumbua kibofu. Mwenye presha ya jicho, tezi dume au matatizo ya mapigo ya moyo aseme kabla.

*Gabapentini na pregabalini.* Ni ndugu. Gabapentini huanza na miligramu 300 usiku, hupanda hadi mara 3 kwa siku. Pregabalini hunywewa mara 2. Huleta kizunguzungu, usingizi, miguu kuvimba na unene. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Usinywe gabapentini pamoja na dawa ya maji ya kiungulia yenye magnesi au alumini, ziachane saa 2. Zikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu kama mofini na tramadoli, zinaweza kuzima pumzi. Watu hulevya nazo pia. Uingereza iliziweka zote mbili kwenye dawa zinazodhibitiwa mwezi Aprili 2019. Kwa hiyo usimwazime jirani.

*Duloksetini.* Miligramu 30, kisha 60, mara moja kwa siku baada ya kula. Inafaa hasa kama moyo nao umechoka. Isichanganywe na tramadoli bila daktari kujua. Amitriptilini vivyo hivyo.

*Karbamazepini.* Hii ndiyo ya uso na ya mikakamao ya ghafla. Huanza na miligramu 100 mara 2 kwa siku, na kwenye uso mara nyingi matokeo huonekana ndani ya siku chache, jambo ambalo peke yake humthibitishia daktari kwamba hakukosea. Lakini ina masharti. Ukitoka upele, vidonda mdomoni au homa katika wiki za mwanzo, acha uwahi hospitali saa hiyohiyo. Inavunja nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi 3 na kitanzi cha shaba haviguswi. Inapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kufubaza VVU, hasa dolutegraviri, ambayo dozi yake hubidi irekebishwe. Inaweza kushusha chumvi ya mwili na kuongeza ulegevu wa miguu. Na anayetarajia kushika mimba azungumze kwanza, maana ina madhara kwa mtoto tumboni.

Sasa kanuni za zote. Panda polepole, na ukishafika dozi ya kutosha ipe wiki 4 hadi 6 kabla hujasema haifai. Usiache ghafla hata ukijisikia vizuri. Gabapentini, karbamazepini na zaidi baklofeni zikikatwa siku moja zinaweza kuleta degedege. Hesabu vidonge, ukibakiwa na vya wiki moja, nenda kachukue. Na usitegemee sifuri. Maumivu yakishuka kwa theluthi au nusu, dawa imefanya kazi. Mimi nilikuwa nataka sifuri, nikabadilisha dawa nzuri mbili kwa sababu zilinipa 4.

Kwa vichomi vya uso vilivyoshinda dawa, kuna taratibu za upasuaji mdogo wa kuitia neva ganzi ya kudumu kwa sindano, puto au mionzi. Hizo zinahitaji kituo kikubwa, na maumivu yanaweza kurudi baada ya muda, lakini kwa mtu aliyeacha kula ni msaada mkubwa.

Bangi huulizwa kila mara. Ipo dawa ya kupuliza mdomoni iliyotengenezwa kutokana nayo, iliyokubaliwa Uingereza mwaka 2010, lakini kwa misuli inayokaza, si kwa neva zinazowaka. Msokoto wa kijiweni si dawa hiyo, na sheria zetu unazijua.

Hatua ya 7: Joto, maji ya moto na chandarua

Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa waliopungukiwa na uwezo wa kuona baada ya kufanya mazoezi. Baadaye ikajulikana kwamba chanzo ni joto la mwili kupanda. Neva iliyovuliwa ganda hushindwa kufanya kazi hata joto likiongezeka kidogo tu. Zamani mtu alizamishwa kwenye maji ya moto ili kupima kama ana MS. Habari njema ni kwamba joto haliongezi kovu; ukipoa, hali inarudi ilipokuwa.

Kwa anayeishi pwani, kuanzia Desemba hadi Machi hii ndiyo vita yenyewe. Pika asubuhi. Ukitoka, toka kabla ya saa 3. Lowesha khanga, kamua, jifunge shingoni. Gandisha chupa za maji, uzizungushie taulo na kuziweka karibu na miguu, si juu ya ngozi. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala. Kuna wachache ambao baridi ndiyo inawachoma, hasa wenye vichomi vya uso. Hao wanawe kwa maji ya uvuguvugu.

Jambo la kukandwa nalisema kwa heshima, kwa kuwa shangazi zetu wanakanda kwa mapenzi. Mwenye MS asikandwe kwa maji ya moto. Sababu ya kwanza ni hilo joto. Ya pili ni kubwa zaidi: mguu huohuo unaowaka mara nyingi una ganzi, haujui moto wa kweli. Mtu anaweza kuungua akatoka malengelenge na asihisi. Maji yoyote yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima mwenye afya. Shangazi akitaka kusaidia, akuchue kwa mafuta ya nazi na mkono mzima, taratibu, kwa mkandamizo wa kutosha. Mguso mzito hutuliza, ule mwepesi ndio unaochonyota. Kwa sababu hiyohiyo wengine hulala na soksi za kubana kidogo.

Usiku, adui wangu alikuwa chandarua. Kilikuwa kinagusa vidole vya miguu, na kila feni ikikipeperusha nikaona moto. Dawa yake ilikuwa ndogo: tulikifunga pembe nne badala ya kamba moja ya katikati, kikakaa mbali kama chumba, na miguuni tukaweka boksi tupu la karatasi ili shuka lipite juu yake. Gharama yake ilikuwa misumari minne.

Mazoezi ya kunyoosha miguu asubuhi, dakika 10, yasikose. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akikuonyesha mara moja, utaendelea nyumbani.

Hatua ya 8: Funga, safari na moyo

Wiki 2 au 3 kabla mwezi haujaandama, muulize daktari. Amitriptilini ya mara moja usiku haina shida. Dawa za mara 2 zinaweza kukaa kwenye futari na daku. Gabapentini ya mara 3 ndiyo yenye mgogoro, na jibu lake si kuruka dozi ya mchana kwa uamuzi wako. Ama daktari abadilishe dawa, ama uchukue ruhusa ya mgonjwa. Ukiwa na kiu ya kutwa, dawa za kukausha mdomo nazo zinaumiza zaidi.

Ukisafiri kwenda kijijini, beba dawa za wiki 2 zaidi, nusu kwenye mkoba wa mkononi, na cheti cha daktari.

Kuhusu moyo: maumivu ya kila siku humfanya mtu ajifungie. Baadhi ya dawa hizi pia zinaweza kuleta mawazo mabaya mwanzoni. Ukiona unafikiria kujidhuru, mwambie mtu wa nyumbani leo na uende hospitali leo. Hiyo nayo ni dalili, kama miguu kuwaka.

Hatua ya 9: Rudi na daftari

Baada ya wiki 6 tangu dozi ikae sawa, rudi kwa daktari na lilelile daftari. Linganisha wiki mbili za mwanzo na wiki mbili za mwisho: ukali, saa za kulala, na mambo uliyoweza kufanya. Isiposhuka hata kwa theluthi, dawa ibadilishwe au iongezewe mwenzake, kwa mpango. Ikishuka na ukakaa vizuri miezi kadhaa, uliza kama dozi inaweza kupunguzwa.

Daftari langu sasa lina 4 pale palipokuwa 8, na usingizi wa saa 6 siku nyingi. Shoti ya shingo iliondoka yenyewe, nafua tena uani. Ekstensheni ya jirani bado inapita karibu na beseni. Nimemwambia aihamishe, maana siku nikipigwa na ile ya kweli, nitainama kuandika kwenye daftari badala ya kukimbilia meni swichi.